Njia Lahisi ya Mzee Mubiru

Siku mliyoniaga pale ofisini, mmoja wenu aliuliza kama kutembeza watu ni kazi kweli. Wengine mkamcheka. Nilitaka kumjibu, ila keki ilikuwa imeshakatwa na hotuba zilikuwa bado nyingi, kwa hiyo nimekaa hapa nyumbani Nateete kumjibu kwa maandishi. Swali lake halikuwa baya. Mimi mwenyewe nililiuliza siku ya kwanza kazini, na mtu niliyemwuliza akanipa jembe nibebe.

Vyeo nitaviruka. Vimo kwenye faili, na faili halijawahi kumfurahisha mtu. Nitawaeleza nilivyoanza, na juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya neno moja ambalo nusura limmalize mara mbili.

Mimi ni mtoto wa polisi. Baba alikuwa sajenti kutoka upande wa Arua, na sisi watoto tuliozaliwa kwenye nyumba za polisi tulikua na Kiswahili cha kambini, kifupi, kikavu, adabu kidogo, lakini kinafika. “Wewe hapana pita hapa.” “Leta kitambulisho.” Kiganda nilikipata shuleni. Hiki ninachowaandikia sasa sikukipata kambini wala shuleni, kama mtakavyoona.

Ilikuwa miaka ya sabini, chini ya serikali ya jeshi. Watalii walikuwa wameadimika. Waliobaki mjini walikuwa madaktari wa kigeni pale hospitali ya Mulago, walimu, na wake wa mabalozi waliochoka kukaa ndani wakitazamana na mapazia. Mkubwa wetu wa ofisi, mtu mwenye mawazo mengi na magari machache, akasema tuwatengenezee hao njia nyepesi za kutembea kwa miguu kando ya ziwa, mbele kidogo ya Ggaba. Mwendo wa asubuhi moja tu, mtu arudi mjini kwa chakula cha mchana. Akatafuta msichana anayeweza kuongea na askari bila kutetemeka. Nikapatikana mimi. Suruali ilikuwa marufuku kwa wanawake siku hizo, kwa hiyo nilianza kazi ya porini nimevaa gauni refu na buti za baba. Mbigili za pwani ile zilinifahamu kabla ya wageni.

Kwa nini askari? Kwa sababu ya kisiwa. Mkabala na rasi ya mawe, umbali ambao mvuvi anaweza kupiga kasia bila kupumzika, kuna kisiwa kidogo cha kijani. Wakati ule kilikuwa cha mtu mmoja. Jina lake hatukulitaja. Tulisema tu “Mkubwa”, tukishusha macho. Boti zilikwenda na kurudi. Siku nyingine upepo ulituletea muziki wa bendi, siku nyingine kimya. Nilikuwa na udadisi wa paka. Nilitaka kujua wanakula nini kule, wanacheza nini, nani anafagia. Lakini ilikuwa marufuku kunyoosha kidole upande ule, achilia mbali darubini, na sote tulijifunza kutazama bila kutazama. Nilikuja kufika miaka mingi baadaye, na nawaambia hapa hapa ili msinisumbue: kuna nyasi, viti vya chuma vilivyoshika kutu, na njia moja ya kupanda kutoka gatini ambayo imechongwa vibaya sana. Ina mwinuko wa kuvunja magoti. Nilisikitika kidogo. Tulikuwa ng’ambo ya maji tu, wangeuliza.

Aliyenipa jembe ni Mzee Mubiru. Alikuwa mtu wa Lubaga, mkatoliki wa misa ya kwanza, mrefu, mwenye kofia ya majani ambayo aliivua kwa wanawake na kwa mvua. Ujanani alifanya kazi Tanga, akishika mnyororo wa wapima ardhi, na huko akapanga chumba kwa mwalimu mmoja aliyemfundisha Kiswahili kila jioni. Alirudi Kampala na vitu viwili, ujuzi wa kusoma mteremko kwa macho, na majivuno ya lugha. Majivuno hayo yalikuwa makubwa. Kiswahili changu cha kambini kilimuumiza kama jino. Nikisema “mimi hapana taka”, anasimamisha kazi nzima. “Hapana ni jibu,” ananiambia, “si kitenzi. Sema sitaki.” Nikisema “sitaki”, ananiuliza mbona sitaki, tuendelee na kazi.

Tatizo lilikuwa moja. Sarufi yake ilikuwa ya Tanga, ila ulimi ulikuwa wa Lubaga. Mnajua kwamba kwa Mganda, l na r ni mtu mmoja mwenye kanzu mbili. Nyuma ya i au e anavaa r. Kwingine kote anavaa l. Hachagui, wala hasikii tofauti. Basi Mzee Mubiru alisema “mbere” kwa mbele na “hatali” kwa hatari, na mimi, Ayikoru, nilikuwa Ayikolu hadi anakufa. Njia yetu aliiita njia lahisi. “Rahisi, Mzee,” namwambia. “Ndivyo nirivyosema,” ananijibu kwa subira ya mwalimu. “Lahisi.”

Sasa kazi. Mzee alinifundisha kwamba njia ngumu hujitengeneza yenyewe. Kazi yote iko kwenye njia rahisi. Hakuanza na jembe. Alianza kwa kungoja mvua, kisha tunatembea asubuhi yake kuona maji yamepita wapi, maana palipopita maji hutapitisha mguu wa mgeni. Alifuata mbuzi pia. Mbuzi, alisema, hawapandi mlima kwa sifa. Tulikaa mbali na mafunjo, kwa sababu ya viboko na kwa sababu maji yale yaliyotulia yana kichocho, na wageni wetu walikuwa madaktari, wangetuaibisha. Vifaa vyetu vilikuwa panga, fyekeo, kamba ya katani na jembe langu. Kipimo chetu kilikuwa kikombe cha bati kilichojaa chai. Sehemu ikikamilika, Mzee anaipita ameshika kikombe, bila kuangalia chini. Chai ikimwagika, tunarudia. Nimetumia vipimo vya kila namna tangu hapo, vingine vina betri, na bado sijaona kinachomshinda mtu anayependa chai yake.

Na viti. Mkumbuke hili hata mkisahau mengine yote. Mgeni hapumziki kwa sababu amechoka. Anapumzika kwa sababu ameona pa kukaa. Weka jiwe bapa kabla ya mwinuko, si baada yake. Mzee alibishana nami juu ya jiwe la mwisho, lile la kwenye rasi, linalotazama kisiwa. Mimi niliogopa. Yeye alisema hawezi kumleta mtu wa watu mpaka mahali pazuri namna ile kisha amgeuze kama ng’ombe.

Pale mwaloni, mahali wavuvi wanaposhushia samaki na ambapo njia yetu ilianzia, palikuwa na kibanda cha askari walinzi wa kisiwa. Kila asubuhi nilikwenda kuwaamkia na kuwaeleza tunafyeka wapi. Walikuwa vijana wa kaskazini kama mimi, waliochoshwa na kutazama maji, na koplo wao alipenda kuniuliza habari za nyumbani. Tulielewana. Kisha siku ileile tulipoleta wageni wa kwanza, kina mama wanne wa Mulago na kofia zao pana, tukakuta sajenti mgeni ambaye hakuna aliyenionya juu yake. Alikuwa amekaa kwenye kreti, mbele yake moto wa mawe, na juu ya mawe kamongo mzima anachomwa, mnene kama mkono wa mpiga ngumi.

Hapa sina budi kueleza jambo. Mzee Mubiru alikuwa wa ukoo wa Mamba. Mamba wa Waganda si yule mwenye meno wa Waswahili. Ni huyuhuyu kamongo, samaki wa matopeni. Kila ukoo wa Buganda una mwiko wake, kiumbe ambacho ni ndugu yao, na ndugu haliwi. Mtu wa Mamba halambi hata mchuzi wake.

Jambo la pili ni neno. Mjini siku hizo neno “siri” lilikuwa na maana moja tu. Siri walikuwa watu wa usalama wasiovaa sare, wenye miwani myeusi na shati la maua, waliokuja na gari lisilo na haraka na kuondoka na jirani yako. “Yule ni siri,” mtu akinong’ona, mazungumzo yote yanahamia kwenye mvua. Hata askari waliwaogopa, na pengine wao zaidi, maana walijua zaidi.

Sajenti alitutazama sote, akatutazama tena. Alikuwa na macho ya mtu aliyekunywa asubuhi. Akasema hakuna anayepita bila kula naye, kwa sababu anayekataa chakula cha jeshi ana sababu, na yeye anapenda kujua sababu za watu. Alikata kipande, akakiweka kwenye jani la mgomba, akaanza na Mzee, aliyetuzidi umri, kama heshima inavyotaka.

“Muze, kula.”

Mzee alivua kofia. Koplo angejibu “mimi hapana kula”. Baba yangu angejibu hivyohivyo. Lakini Mzee alikuwa na mtu mzima wa jeshi mbele yake na wageni nyuma yake, na hakuwa tayari kuharibu kitenzi mbele ya watu. Alitaka kusema “sili”, neno fasaha kabisa, na ulimi wake wa Lubaga ukakutana na ile i.

“Ahsante sana, bwana sajenti,” alisema. “Mimi siri.”

Sajenti akaacha kutafuna. “Wewe siri?”

“Siri,” Mzee akasema, akifurahi kueleweka. “Baba yangu virevire. Babu yangu virevire. Ukoo wetu mzima, tangu zamani.”

Nilikuwa mtu pekee pale mwaloni aliyesikia maneno yote mawili, lile lililotoka mdomoni na lile lililoingia sikioni. Kambini hakuna mtu aliyewahi kusema “sili”. Masikioni mwa sajenti neno hilo halikuwepo, na lililokaa karibu nalo lilikuwa hilo moja tu. Nikimsahihisha, namwambia sajenti kwamba mzee huyu amekataa chakula chake mbele ya wazungu. Nisipomsahihisha, mtu wa watu amejitangaza kuwa siri, yeye na ukoo wake, na adhabu ya kujifanya siri kila mtu aliijua. Mdomo huponza kichwa, ila sikuwahi kuona mdomo ukiponza kichwa kwa adabu kiasi kile.

Sajenti akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali. Akapiga saluti.

Mzee, mtu wa adabu, akairudisha na kofia yake, akawaambia kina mama njia ni hii, taratibu, jiwe la kukaa liko mbele kidogo. Tukapita. Mmoja wa kina mama alisema ni vizuri kuona wazee wanavyoheshimiwa katika nchi hii.

Kuanzia siku hiyo njia yetu ilikuwa na walinzi bora kuliko benki. Mzee akitokea, kibanda kizima kinasimama. Vijana walijitolea kufyeka nyasi bila kuombwa, na wakafyeka vibaya, ikabidi turudie. Koplo alinivuta pembeni akaniuliza kama muzee ni siri ya juu. Nikamjibu mimi hapana jua. Wavuvi na wauza samaki waliona zile saluti pia, wakawa wanamjibu Mzee salamu zake kwa ufupi, macho chini. Mimi niliona, nikajifanya sikuona.

Na yeye sikumwambia. Mtaniuliza kwa nini, na jibu langu ni lilelile hadi leo: nilimjua. Angekwenda moja kwa moja kwa sajenti kumwondolea kosa. Angemnyambulishia kitenzi kile pale pale mbele ya bunduki, sili, huli, hali, hatuli, na kila mara ulimi ungempeleka palepale. Nilichofanya ni kuacha kumtania juu ya l na r, kabisa. Aliliona hilo, akadhani nimekubali hatimaye kwamba matamshi yake ni sahihi.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Habari za mzee wa mwaloni zilisafiri, na siku moja akaja mgeni ambaye hakuandikishwa na ofisi. Gari lisilo na haraka. Miwani. Shati la maua mekundu. Viatu vya soli nene ambavyo Mzee alivitazama kwa huzuni ya kitaalamu, akamwambia bwana, kwa viatu hivyo tutapumzika mara nyingi. Yule mtu akasema anataka kutembea tu. Alitembea nyuma yetu, nami nikahesabu kila kijiti kilichovunjika chini ya soli zile.

Tulipofika kwenye jiwe la rasi aliketi, Mzee akaketi kando yake, mimi nikabaki nimesimama. Kisiwa kilikuwa mbele yetu, hakuna mtu aliyekitazama.

“Wanasema wewe siri,” yule mtu akaanza.

Mzee akang’aa. Kumbe mtu wa mjini kabisa, na anapenda kujua mila! “Kweri kabisa,” alisema. “Siri.”

“Siri gani?”

Mzee akakunja uso. Hilo si swali fasaha. Nilimwona akipambana na hamu ya kumsahihisha, na namshukuru Mungu udadisi wa yule kijana ulimlainisha. “Siri mamba,” akasema. “Ndiyo jibu kamiri.”

Yule mtu akalirudia taratibu, mara moja. Siri Mamba. Nikaona akipekua kichwani mwake, akitafuta kitengo hicho, asikipate. Akauliza, sauti imeshuka, kama hao Mamba wako wengi.

“Wengi mno,” alisema Mzee, akapunga mkono kuelekea ziwani, ambako kisiwa kilikuwa. “Lakini huwaoni. Wanajificha ndani ya tope. Miezi mingi wanaweza kukaa hivyo, wamenyamaza, wanangoja. Mvua ikinyesha, wanatoka.”

Kila neno lilikuwa kweli. Ndivyo kamongo anavyoishi. Mnawaeleza wageni hivyo hadi leo. Lakini yule mtu alivua miwani yake akaifuta, na bila miwani alikuwa kijana tu, na alikuwa anaogopa. Kazini kwake, kitu usichokijua ni kitu ulichofichwa, na ukifichwa kuna sababu. Hakuuliza tena. Alimshukuru Mzee, akamwita “afande”, akashuka njia kwa haraka ambayo soli zile hazikuruhusu. Aliteleza mahali ambapo hata mama mjamzito hajawahi kuteleza.

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi, nikashindwa kueleza. Mzee alisema yule kijana ni mdadisi, angefaa kazi yetu.

Wageni waliendelea kuja, wachache wachache, na njia ikakaa. Kisha vita vikafika, mizinga ikasikika, sote tukajifungia majumbani. Askari wa Tanzania wakaingia Kampala na serikali ile ikaisha. Sitawaeleza shangwe zile, wengine watawaeleza vizuri zaidi. Nitawaambia tu kwamba baada ya shangwe watu walianza kuhesabiana. Kila mtaa ulikuwa unawatafuta watu wake wa siri. Wengine walipatikana, na sikutaka kutazama walivyopatikana.

Mzee Mubiru yeye alikuwa na furaha ya harusi. Alisikia kuna Watanzania kule mwaloni, watu wanaosema “sitaki” na “sijui” tangu utotoni. Akavaa koti lake la misa, akasema twende tukaione njia yetu, na tukawaamkie wenzetu kwa Kiswahili cha watu. Nilijaribu kumzuia. Nikasema tungoje, barabara si salama. Akanitangulia. Nikamfuata, kwa sababu mtu aliyejua alikuwa mimi.

Watanzania walikuwa wameshasogea mbele. Waliokuwepo walikuwa watu wa mwaloni, na walituzunguka kabla hatujafika mwanzo wa njia, wanaume na makasia, wengine na mapanga. Mbele yao alisimama Nalongo, mama wa mapacha, muuza samaki wa moshi. Nilimjua vizuri, nilikuwa mteja wake. Ndugu yake alichukuliwa palepale mwaloni na watu wa miwani myeusi, mchana, akiwa na kapu la samaki mkononi, na hajarudi. Nalongo hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiganda, nami nawaandikia kwa Kiswahili: “Miaka yote walikuwa wanakupigia saluti. Sisi walitupiga mateke. Wewe ulikuwa nani?”

Mzee alimtazama, akatazama makasia. Akanigeukia mimi.

Nikawaeleza yote pale pale, kwa Kiganda changu cha shule, maneno yakigongana. Samaki, sajenti, kitenzi, l na r. Wawili watatu walianza kucheka. Mzee hakucheka, alikuwa ananisikiliza kama mtu anayesomewa habari za marehemu, na marehemu ni yeye.

Nalongo naye hakucheka. Alisema watu wa siri ndio wenye hadithi nzuri kuliko wote, hata kwa mama yake walikuja na hadithi nzuri. Akafungua kapu lake. Akatoa kipande cha kamongo wa moshi, akakiweka mbele ya Mzee juu ya jani.

“Kula,” alisema. “Kula tu, uende nyumbani. Hata kama ulikuwa wao, nitakuacha. Naapa kwa ndugu yangu.”

Nilielewa mtego wake, kwamba akila basi hadithi yangu ni uongo, lakini nilielewa pia kwamba kiapo kile ni cha kweli na angekishika. Kipande kidogo tu, na Mzee angerudi Lubaga akiwa hai. Nikamwambia kwa Kiswahili, chini chini, ale. Nikamwambia Mungu atasamehe, ukoo utasamehe, ni samaki. Nilikuwa nalia. Mtu mmoja aliinua panga mpaka usawa wa bega, akaliweka hapo.

Mzee Mubiru akavua kofia. Akajibu kwa lugha ya mama yake, ambayo hakufundishwa na mtu wa Tanga.

“Sirya,” alisema. Sili.

Akarudia: “Sirya, nyabo.” Siwezi kula, mama.

Mtu mmoja nyuma akalijaribu neno lile mdomoni. Sirya. Siri. Mwenzake akalirudia. Likapita kutoka kwa huyu hadi kwa yule, wavuvi wazima wakisema pole pole kama watoto wa shule, sirya, siri, sirya, na nikaona panga likishuka. Mtu anayedanganya kuhusu mwiko wake hafi kwa ajili yake. Mganda yeyote anajua hilo, na Nalongo alilijua kuliko wote.

Alilifunga jani, akarudisha samaki kapuni. Kisha akakaa chini mchangani akalia kwa sauti, kilio cha msiba. Nilidhani analia kwa aibu. Baadaye aliniambia hapana. Alikuwa ametumaini kwa siku nyingi kwamba Mzee ni mmoja wao, maana hapo angekuwa na mtu wa kumwuliza ndugu yake yuko wapi.

Walituacha tupite. Mzee hakutaka kurudi mjini. Akaingia kwenye njia, nikamfuata. Nyasi zilikuwa zimepanda, lakini chini yake njia ilikuwa palepale, laini, mguu ukiijua. Tukafika kwenye jiwe la rasi. Akaketi. Nikamngoja anikasirikie, nilikuwa tayari. Aliweka kofia magotini, akatazama maji.

“Ayikolu,” alisema, “zire saluti zote. Niridhani ni kwa ajiri ya Kiswahiri changu.”